Mwalimu aliacha mshahara Pugu 1955. Baada ya hapo alikula nini?

Ticha_Mbagala

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Nafundisha historia na uraia kwenye sekondari moja huku Mbagala. Wiki hii nilikuwa na kidato cha pili, mada ni harakati za kudai uhuru. Nikafika pale panapopendwa na kila mtunga mtihani: tarehe 7 Julai 1954 TANU inazaliwa, Machi 1955 Nyerere anakwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, anarudi, anaambiwa achague moja, kufundisha Pugu au siasa. Anachagua siasa. Nikaandika ubaoni "alijiuzulu ualimu ili aongoze mapambano", nikageuka ili niingie kwenye kura tatu, ule uchaguzi wa 1958.

Mkono ukanyooshwa dawati la nyuma. Binti mmoja ambaye mama yake anakaanga mihogo barabarani, na asubuhi yeye mwenyewe huja darasani ana alama ya mafuta kwenye mkono wa shati. Akauliza: "Mwalimu, alivyoacha kazi alikuwa anakula nini? Kodi alilipa nani?"

Darasa likacheka. Nikawaambia wanyamaze, nikamwambia nitamjibu Jumatatu.

Sasa naomba msaada wenu. Vitabu nilivyonavyo vinaruka kutoka barua ya kujiuzulu moja kwa moja hadi uhuru, 9 Desemba 1961, kama vile hiyo miaka sita katikati watu waliishi kwa hewa. Watoto wa huku wanajua kuacha mshahara maana yake nini. Baba akisimamishwa kazi kiwandani, wiki ya pili tu mtoto anakuja shule bila nauli. Ukiwaambia kiongozi alivuka shida kwa moyo wa kizalendo wanaandika kwenye daftari, lakini hawakuamini.

Msiniletee hotuba za Oktoba 14. Nataka kujua alilala wapi, nani alimlisha, pesa za safari zilitoka wapi. Na kama mna habari za wengine wa wakati ule waliopita kwenye dhiki ya namna hiyo, leteni pia.

Konda_Mstaafu

Alikula ugali na dagaa kama wewe unayesubiri ajira ya kudumu, Ticha. Tofauti yenu ni kwamba yeye mwisho wa mwezi hakuwa anasubiri mtu wa benki.

Utani pembeni, nangoja majibu. Swali la maana hilo, na mimi nina wajukuu.

Babu_Mapipa

Marahaba, mwanangu. Huyo binti usimjibu kwa hotuba, mjibu kwa hesabu.

Nimezaliwa Magomeni mwaka 1956, nimekulia kwenye duka la mafuta ya taa la mama yangu. Kwa hiyo nina haki kidogo ya kulijibu hili, na utaona kwa nini nasema hivyo.

Nyerere alipoacha kazi Pugu alikuwa na shahada aliyorudi nayo kutoka Edinburgh mwaka 1952, mke aliyemwoa mwanzoni mwa 1953, na watoto wadogo. Basi. Nyumba ilikuwa ya shule, na ukiacha kazi unaiacha. TANU haikuwa na fungu la kumlipa rais wake. Chama kilikuwa na mwaka mmoja haujatimia, na ofisi yake pale New Street, leo Mtaa wa Lumumba, ni jengo ambalo wazee wa African Association, chama kilichoitangulia TANU, walilijenga kwa michango na nguvu zao wenyewe kabla ya vita vya Hitler. Kwanza akarudi kwao Butiama miezi kadhaa. Huko alipata kibarua ambacho ukikitaja darasani hakitasahaulika: alimfundisha Kizanaki padri mmoja Mmarekani wa shirika la Maryknoll, akalipwa kwa hilo. Machi yuko mbele ya Umoja wa Mataifa, miezi michache mbele anafundisha mtu mmoja lugha ya kijijini kwake ili familia ipate chochote. Mwaka haujaisha akarudi Dar.

Hapa ndipo vitabu vyenu vinapochoka, ndipo mji unapoingia.

Mueleze binti jambo moja kwanza, maana bila hilo hataelewa kwa nini waliomlisha walikuwa hawa na si wale. Agosti 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka unaowakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Makarani, matabibu, wasomi wote wenye mshahara wa uhakika, wakafungwa mdomo kwa karatasi moja. Aliyetaka kuingia TANU waziwazi ilibidi awe mtu asiye na bosi mkubwa wa kumwandikia barua ya kufukuzwa. Dar es Salaam watu hao ni akina nani? Muuza samaki. Dereva teksi. Mama vitumbua. Fundi cherehani wa barazani. Mwenye nyumba ya vyumba sita Ilala. Chama cha kudai nchi kikabebwa na watu ambao serikali haikuwahi kuwahesabu kama watu wa kuogopwa.

Mzee Mshume Kiyate alikuwa mfanyabiashara wa samaki soko la Kariakoo, mzee wa Baraza la Wazee wa TANU. Huyo ndiye aliyebeba chakula cha nyumba ya Nyerere. Abdulwahid Sykes, mkuu wa soko hilohilo, askari wa zamani wa vita vya Burma, mtoto wa Kleist Sykes aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa African Association mwaka 1929, alimpokea nyumbani kwake. Dossa Aziz alitoa gari lake litumike kwa kazi za chama. John Rupia, mfanyabiashara na makamu wa rais wa TANU, alikuwa mfuko ambao chama kilikimbilia kila kilipokwama. Ally Sykes, mdogo wake Abdulwahid, ana kadi namba 2 ya TANU. Namba 1 ni ya Nyerere. Waandike ubaoni hao wote, na pembeni ya kila jina uandike alitoa nini. Usiandike "walimuunga mkono". Andika chakula, kitanda, gari, pesa.

Sasa Magomeni. Baadaye familia ilihamia huku, kwenye nyumba ambayo leo ni makumbusho. Na Mama Maria, ambaye naye amesomea ualimu, akawa anauza mafuta ya taa.

Wewe Ticha umekua na LUKU, biashara hiyo huijui. Mafuta yanakuja kwenye debe, au kwenye pipa kama una mtaji. Unayachota kwa kikombe cha bati chenye mpini mrefu, unayapitisha kwenye faneli, yanaingia kwenye chupa aliyokuja nayo mteja, ya soda au ya dawa ya kikohozi. Mteja wa Magomeni ya wakati ule hanunui debe. Ananunua ya koroboi moja usiku mmoja, anatoa senti, anangoja chenji ya senti. Jua likizama wanakuja wote kwa mkupuo, watoto wamepanga chupa mlangoni, kila mmoja ametumwa haraka. Faida yako ni kile kinachobaki ukijaza bila kumwaga. Mkono ukitetemeka, umekula mtaji. Harufu haikutoki. Mama alisugua mikono kwa ndimu na majivu, na bado akikanda chapati baba anainusa kwanza ndiyo anakula. Halafu kuna daftari la madeni, maana jirani akikwambia mtoto ana homa na taa imezimika, utamnyima? Hilo daftari ndilo lililomzeesha mama yangu.

Kwa hiyo nikisikia watu wanasimulia habari ya Mama Maria na mafuta ya taa kama kichekesho, kwamba eti jamani, mke wa Rais aliwahi kuuza mafuta, huwa nanyamaza. Ukishaifanya kazi ile unajua ni saa ngapi mtu analala. Mume yuko Lindi, yuko Tanga, yuko Mwanza anahutubia, na mwaka 1957 hata kuhutubia kwenyewe kukapigwa marufuku kwa kipindi. Yeye yuko mlangoni na faneli.

Mimi ninachokuambia ni hiki, na wasomi watanipinga: shida ya wale viongozi miaka ile ilikuwa kodi, chakula na nauli, na hawakuivuka peke yao. Walivushwa. Nyerere aliijua vizuri hiyo. Wanaomsimulia ndio wanaoiruka, kwa sababu kiongozi anayelishwa na muuza samaki hapendezi kwenye sanamu.

Ticha_Mbagala

Shikamoo tena mzee wangu. Nimeisoma mara mbili, nimenakili hilo la faneli kwenye andalio la somo.

Ila nawajua wanafunzi wangu, hasa wavulana wa mbele. Watasema: basi alikuwa na bahati, alikuwa na matajiri. Na la pili, kwenye orodha yako karibu wote ni wanaume. Wanawake ni mafuta ya taa tu?

Bi_Mchikichini

Ticha, ulivyouliza hilo la mwisho nimekaa vizuri kwenye kiti.

Babu wa Mapipa, shikamoo, umesema vizuri lakini umempitia mbali Bibi Titi Mohamed, na bila yeye hiyo hesabu yako haifungi. Mimi marehemu nyanya yangu alikuwa akicheza ngoma na kina mama wa mjini miaka hiyo, kwa hiyo habari hii nimelelewa nayo.

Mwaka 1955 alikuja Dar Mwingereza wa chama cha Labour, John Hatch. Akaonyeshwa chama, akauliza mbona wanawake hawapo. Wazee wakaangaliana. Jina lililotolewa likawa la Titi, mwanamke wa Dar aliyezaliwa 1926, muimbaji wa kikundi cha ngoma kinachoitwa Bomba. Hakuwa msomi, hakuwa mke wa mkubwa. Alikuwa na sauti na alikuwa anajulikana kwenye kila harusi ya mji huu.

Alichofanya ni rahisi kueleza na kigumu kufanya. Vikundi vya ngoma vya kina mama vilikuwa tayari na viongozi wao, na michango yao na sare zao, na namna ya kuitana usiku mmoja mji mzima ukajua. Akaenda kikundi kwa kikundi. Miezi michache wanawake wapatao 5,000 wakachukua kadi. Jiulize mwaka huo ni kikao gani cha wasomi kilichoweza kuleta watu 5,000.

Na kwa nini wanawake? Babu kashaligusa bila kulimaliza. Ule waraka wa serikali haukuwahusu. Mama pombe, mama vitumbua, mama mwenye chumba cha kupangisha, nani atamfukuza kazi? Pesa yake iko kwenye pindo la khanga. Mgeni wa chama akitoka bara usiku analala kwake. Kadi za waume zao watumishi wa serikali, wasioruhusiwa kuonekana nazo, nani alizificha? Nyanya alikuwa akisema zilikaa kwenye pipa la unga, na akisema hivyo anacheka peke yake.

Titi akazunguka nchi na Nyerere, akapanda majukwaa ambayo mwanamke wa pwani hakuwahi kupanda. Ndoa yake haikustahimili. Hiyo ni shida ambayo hakuna mtu angeweza kumchangia.

Sasa mwambie kijana wako anayesema ni bahati, amsome Titi hadi mwisho. Uhuru ulikuja, akaongoza UWT, umoja wa wanawake, akawa naibu waziri. Mwaka 1965 akapoteza ubunge Rufiji. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, kiongozi haruhusiwi kuwa na nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa nazo, akajitoa kwenye Kamati Kuu. Oktoba 1969 akakamatwa pamoja na Michael Kamaliza na wengine kwa kesi ya uhaini, 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, 1972 Nyerere akamwachia. Akafa Novemba 2000 akitibiwa Johannesburg. Barabara ina jina lake, wanafunzi wako wakienda Posta wanapita juu yake. Huyo alivushwa na nani?

Mchambuzi_Sinza

Naheshimu wazee humu, lakini naona tunamfanya Mwalimu kama omba omba wa Kariakoo. Mtu mwenye digrii mwaka 1955 Tanganyika angepata kazi popote. Dhiki yake ilikuwa ya kuchagua. Mkitaka kufundisha watoto kuhusu kiongozi na shida, wafundisheni Mkwawa. Yule hakuwa na mtu wa kumletea samaki.

Babu_Mapipa

Bi Mchikichini, marahaba, na nimekubali. Nyanya yako angekuwa hai ningemletea mkungu wa ndizi.

Mchambuzi, kuchagua ndiyo dhiki yenyewe. Maskini asiye na kazi hana cha kuacha. Anayeweza kupata mshahara kesho asubuhi akivaa suruali safi, na anasikia mtoto wake analia, huyo kila siku anaacha kazi upya. Na kuhusu Mkwawa umeniletea mfano unaonisaidia mimi.

Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwapiga Wajerumani Lugalo, kamanda wao Zelewski akafa palepale. Wajerumani wakarudi na mizinga, Oktoba 1894 wakaiangusha ngome ya Kalenga. Mkwawa akaingia porini na akakaa huko karibu miaka minne, hadi 19 Julai 1898 alipojipiga risasi asikamatwe. Miaka minne porini, Mchambuzi. Alikula nini? Watu walimpelekea. Vijiji vilimlisha vikijua adhabu yake, na Wajerumani walilijua hilo vizuri, ndiyo maana walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta, na ndiyo maana waliwaadhibu waliomlisha. Hawakumkimbiza mtu tu, walikimbiza chungu chake. Fuvu lake likarudishwa Kalenga Juni 1954. Mwezi uliofuata TANU ikazaliwa hapa Lumumba.

Mkwawa na Nyerere hawafanani kwa lolote, mmoja alishika bunduki, mwingine alishika faili. Lakini kwenye swali la huyu binti wote wawili wana jibu moja.

Ticha, kwa hao wavulana wa "alikuwa na matajiri". Matajiri hao walikuwa na nini cha kupoteza? Mkuu wa soko ana mwajiri. Muuza samaki ana kibanda na leseni ambayo bwana shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, anaweza kuifuta. Waulize wangetoa wao.

Halafu wape kesi ya 1958. Nyerere aliandika kwenye gazeti la chama, Sauti ya TANU, akiwashutumu mabwana shauri wawili. Akashtakiwa kwa kashfa. Wakili D. N. Pritt akaja kutoka Uingereza kumtetea, akishirikiana na mawakili wa hapa. Agosti hukumu ikatoka: faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Hapo wapo waliotaka aende jela, na usiwalaumu, jela ilikuwa imemfanya Kenyatta kuwa mkubwa zaidi kuliko alivyoingia. Lakini uchaguzi wa kura tatu ulikuwa mlangoni, Septemba ileile. Chama kilikuwa kimegombana vibaya Tabora mwezi wa Januari kama kiingie au kisiingie kwenye uchaguzi ule ambao kila mpiga kura analazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Zuberi Mtemvu alikuwa ameshaondoka na kuanzisha chama chake cha ANC, African National Congress ya hapa Tanganyika. Kiongozi akikaa ndani miezi sita, nani atauongoza huo uchaguzi? Watu wakachanga, faini ikalipwa.

Shilingi 3,000 wakati ule, kwa watu wanaonunua mafuta ya taa ya usiku mmoja. Ukitaka kuwafundisha hesabu na historia kwa pamoja, chukua hapo.

Mmeru_Tegeta

Naongeza moja kwa sababu haisemwi Dar.

Kabla Nyerere hajakwenda New York, Mtanganyika mwingine alikuwa ameshakwenda. Kirilo Japhet wa Meru. Novemba 1951 serikali iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakafa njiani. Wameru hawakuwa na chama cha kitaifa nyuma yao. Wakachanga wenyewe, kahawa ya huyu, mbuzi wa yule, wakampeleka Kirilo Umoja wa Mataifa mwaka 1952 pamoja na wakili Earle Seaton. Ardhi haikurudi kwa kura ile. Haikupata theluthi mbili kwenye Baraza Kuu. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka Tanganyika akieleza yaliyowapata, na Julai 1954 alikuwa miongoni mwa wale 17 walioianzisha TANU.

Kwa hiyo wazo la kumchangia mtu mmoja aende akaseme kwa niaba yetu halikuzaliwa Kariakoo. Wazee wa Dar walilikuta limeshafanyiwa majaribio Meru, na majaribio yenyewe yalishindwa. Walichanga mara ya pili wakijua hivyo.

Mchambuzi_Sinza

Hilo la Meru sikulijua kwa undani huo. Ahsante.

Ila nina swali kwa Babu na nitauliza kwa adabu. Kama watu ndio waliobeba, walipata nini? Abdulwahid Sykes alikufa 1968 akiwa na miaka 44, na kizazi changu kimemjua kwa kusoma mitandaoni, si darasani. Titi ameshaelezwa hapo juu. Mshume Kiyate ukimtaja Sinza watu wanadhani ni mchezaji wa zamani wa Yanga.

Babu_Mapipa

Umeuliza kwa adabu nami nakujibu bila kupamba. Wengi hawakupata kitu, na wengine walipata kinyume. Sitakwambia kwamba walifurahia hivyo hivyo. Nimewaona baadhi yao wakizeeka mjini hapa na uchungu ulikuwepo.

Nyerere mwenyewe, hili la mshahara lilimwingia kwa namna ya ajabu. Uhuru 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu, anajiuzulu uwaziri mkuu, anamwachia Rashidi Kawawa, anarudi mikoani kuzungumza na wanachama. Mwaka mzima nchi inaongozwa na mwingine, yeye anazunguka. Watu wa serikali walimwona kachanganyikiwa. Mimi naona ni mtu aliyekuwa ameshajifunza 1955 kwamba ukiondoka ofisini bado kuna mahali pa kula, na kwamba mahali hapo ndipo penye chama. Unaweza kubisha.

Lakini uzoefu huohuo una upande wake mbaya, na nimeufikiria muda mrefu. Mtu aliyeishi kwa kulishwa na wenye nyumba za kupangisha ndiye aliyekuja kusema kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Alikuwa na sababu zake na nyingine nazikubali hadi leo. Nimeona viongozi wa baadaye wanavyokusanya viwanja. Ila kwa Titi nyumba zile ndizo zilikuwa pensheni yake. Mwanamke asiye na cheti wala mume angeishi kwa nini? Sera ilikuwa moja, na watu hawakuwa wameanzia mahali pamoja.

Hilo nalo Ticha ukiweza lifundishe. Sijui kama mtaala unaruhusu.

Ticha_Mbagala

Mtaala haukatazi, unanyima muda tu. Vipindi viwili vya dakika arobaini.

Nimeamua hivi: Jumatatu naanza na waraka wa 1953, wao wenyewe watafute nani mtaani kwao angeweza kuingia TANU bila kufukuzwa kazi. Nadhani watamtaja mama wa mihogo kabla sijamaliza kuuliza. Kipindi cha pili nagawa darasa, nusu wawe upande wa faini ilipwe, nusu upande wa mzee aende jela, wajitetee. Meru na Titi nawapa kama kazi ya nyumbani, na Mkwawa namwacha kidato cha tatu wakifika kwenye upinzani dhidi ya Wajerumani.

Halafu mwezi ujao, mkuu wa shule akikubali, nataka kuwapeleka kwenye ile nyumba ya Magomeni. Ni wanafunzi arobaini na kitu. Mnashaurije usafiri?

Bi_Mchikichini

Andika barua Makumbusho ya Taifa mapema, taja idadi na darasa, na uende nayo mkononi, usitegemee simu. Nyumba ni ndogo, waingie kwa makundi. Wengine wakae nje na wewe uwaeleze habari ya Titi wakisubiri, usiwaache wakimbizane barabarani.

Konda_Mstaafu

Hapa sasa ndipo kwenye fani yangu. Usithubutu kuwapandisha mwendokasi saa moja asubuhi na watoto arobaini, utafika na ishirini. Ongea na Coaster ya mtu unayemfahamu, mkubaliane kwenda na kurudi, ondokeni saa tatu foleni ya Kilwa Road ikishalegea. Ashushe Mapipa, muingie ndani kwa miguu. Ukiona hesabu haifiki nitafute inbox, kuna dereva wangu wa zamani ana gari zima na hana tamaa. Mafuta mtaweka nyie.

Babu_Mapipa

Mkishuka Mapipa niambie siku moja kabla, nije niwaonyeshe njia. Goti langu moja halitaki tena ngazi lakini njia tambarare linaenda. Na waje na maji ya kunywa, Magomeni ya mchana haina huruma.